Vibao vya Jumamosi

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Mapema alikuwa ameshainama uani akivua matofali. Mgongo ulimuuma kama wa bibi kizee, na yeye alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Jina hilo la Mapema alilipata kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake. Darasani lilikuwa limegeuka kichekesho, maana darasa la sita zima halikuwa na mwanafunzi wa kumshinda kwa kuchelewa.

"Mapema, umechelewa tena," mwalimu wake wa darasa alikuwa akisema, na wenzake wakicheka mpaka machozi. Lakini siku moja mwalimu hakutania. Alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, mtihani wa mwisho wa mwaka uko wiki nne mbele, na siku ulizokosa shule ni nyingi mno. Ukikosa nyingine tano utarudia darasa. Sheria ndiyo hiyo, mimi sina la kufanya. Kamwambie mama yako."

Mapema hakumwambia. Angemwambia saa ngapi? Mama mwenyewe alikuwa hoi, akirudi ndani jioni hata sahani ya chakula aliishika kwa mikono miwili.

Nyumba yao iliishi kwa matofali ya saruji. Mama alichanganya mchanga na saruji kwa koleo. Mjomba, mdogo wake Mama, alijaza mchanganyiko huo kwenye mashine ya mkono, akaushindilia, akafyatua. Kila tofali lilitoka bichi, laini, limekalia kibao chake cha mbao. Ukiligusa linamomonyoka, kwa hiyo liliachwa palepale juu ya kibao mpaka kesho yake. Alfajiri Mapema alilivua, yaani alilitoa kwenye kibao, akalipanga kivulini na kulimwagia maji. Kisha aliosha kibao ili kitumike tena. Ukiwa na vibao mia, unapata matofali mia kwa siku. Huna kibao, huna tofali, hata uwe na mlima wa saruji.

Vibao hivyo kila siku viliroweshwa na kila siku vilikauka juani. Vikapinda, vikapasuka, vikaoza. Baba yake Mapema, alipokuwa hai, alikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi alasiri, wenzake wakienda kuoga na kutembea, yeye alikaa chini ya paa la mabati akatengeneza vibao viwili vipya. Viwili tu. Kisha alimwita binti yake, "Hesabu, mwanangu." Mapema alihesabu, akapata mia moja na sitini. Mwezi uliofuata, mia moja na sitini. Mwaka uliofuata, ni vile vile mia moja na sitini!

"Baba, kila wiki unapiga misumari, mbona haviongezeki?" Mapema aliuliza siku moja.

Baba alicheka huku jasho likimchuruzika. "Wala havipungui," akajibu, akaendelea na kazi yake.

Mapema aliliona jibu hilo kuwa la mtu asiye na jibu. Kazi gani hiyo, kila Jumamosi, na mwisho wake uko palepale?

Baba alifariki, na desturi yake ikazikwa naye. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, Mama alitazama nyundo, akatazama mbao, akakaa chini. "Hii ya punda afe mzigo ufike mimi siiwezi," alisema. "Jumamosi tupumzike, jamani. Vibao viko vingi." Hakuna aliyembishia. Mapema alifurahi sana, maana sasa aliweza kuruka kamba na wenzake hadi jua linazama.

Na kweli, hakuna kilichoharibika. Wiki ikapita, mwezi ukapita, matofali yakatoka kama kawaida. Shida ikawa kuni. Kuni zilipatikana nyuma ya kilima, na miguu ya Mapema ilikuwa imechoka kabla hata hajaanza kupanda. Siku moja alikiona kibao kilichooza, akakitupia jikoni. Lo! Kiliwaka vizuri, na maharage yakaiva upesi. Ubaya uko wapi? Kilikuwa kimekufa tayari. Wiki iliyofuata alichoma kilichopasuka katikati. Baadaye akachoma na kile ambacho kilihitaji msumari mmoja tu kikae sawa. Mtu akishaonja urahisi, si rahisi kumrudisha kilimani.

Mama aliuliza mara mojamoja, huku amelala macho yamefumba, "Vibao vingapi, Mapema?"

"Mia na arobaini, Mama."

Mwezi mwingine, "Mia na arobaini." Na mwingine, "Mia na arobaini." Miezi hiyo biashara ilikuwa ndogo. Walifyatua matofali sitini au sabini kwa siku, vibao vikatosha, na uongo ukakaa raha mustarehe.

Ndipo Ijumaa moja Mama alipoingia uani anakaribia kukimbia. Tangu msiba, ilikuwa mara ya kwanza Mapema kumwona na uso wa furaha kama ule.

"Mdogo wangu! Mapema! Njooni!" aliita. "Zahanati wanajenga ukuta. Wanataka matofali elfu mbili na mia mbili kwa wiki tatu. Nimekubali!"

Mjomba alikuna kichwa. "Dada, elfu mbili na mia mbili? Tutaweza?"

"Hesabu mwenyewe. Wiki tatu ni siku kumi na nane za kazi. Vibao mia na arobaini mara kumi na nane ni elfu mbili mia tano na ishirini. Hata mtu akiugua siku mbili, tunamaliza. Na msimamizi wa ujenzi ameniambia kwa kinywa chake, tukimaliza kwa wakati na wodi mpya tutaifyatulia sisi. Tukichelewa, tusimwone tena." Akamshika Mapema mabega. "Tukiipata ile wodi, nitatafuta mtu mzima wa kuvua matofali. Nawe utalala mpaka kuche kama watoto wa watu, uwahi shule."

Hapo ndipo Mapema alipopaswa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi, akayatazama macho ya Mama yanavyong'aa, akayameza maneno yale.

Jumatatu saa sita mchana Mjomba alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka. "Kibao!"

Hakikuja.

"Kibao, Mapema! Umelala?" Siku hiyo Mapema alikuwa amerudi mbio kutoka shuleni wakati wa mapumziko ili asaidie.

"Vimeisha, Mjomba."

Mama aliacha koleo. Alipita kati ya mistari ya matofali mabichi akihesabu kwa kidole, akafika mwisho, akarudi mwanzo akahesabu tena. Vibao themanini na vinne. Mchanganyiko uliobaki ukagandia chini, saruji ya mfuko mzima, wakiutazama.

Jumanne Mapema hakwenda shule. Mama alisema watajaribu kufanya kazi mara mbili kwa siku: matofali ya asubuhi yavuliwe mchana ili vibao vitumike tena. "Naomba unisaidie, mwanangu, ni wiki hizi tatu tu," alisema, na sauti yake haikuwa ya kuamuru. Mapema alihesabu kimyakimya. Wiki tatu! Mwalimu alisema siku tano.

Mchana walivua tofali la kwanza, likamomonyoka. La pili likavunjika vipande viwili. La tatu likasimama, wakapumua, kisha likalala ubavu kama mlevi. Walipoteza ishirini kabla Mama hajainua mkono kuwazuia. Wakayafyatua upya yote yaliyoharibika, na jioni matofali mazima yakawa yale yale themanini na manne. Watu watatu walikuwa wamevunjika migongo kutwa nzima bila kuongeza hata tofali moja.

"Nimlete rafiki yangu atusaidie," Mjomba alisema, akijifuta vumbi usoni. "Ana nguvu yule, mikono iongezeke."

"Mikono ya nini?" Mama akajibu kwa ukali. "Wawe wanne, wawe kumi, vibao ni themanini na vinne. Watafanya nini, kutazamana?" Kisha akamkazia Mjomba macho. "Vibao hamsini na sita havina miguu, mdogo wangu. Hapa uani tunaingia sisi watatu tu. Mimi sijaviuza. Mtoto hawezi kuviuza."

Mjomba alimwangalia kama hakumsikia vizuri. "Dada. Unaniambia mimi mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema!" Mjomba aliinama akachukua shati lake lililotundikwa kwenye mashine. "Miezi kumi nafyatua hapa, mgongo wangu hata kulala chali siwezi. Sawa. Tafuta mfyatuaji asiye mwizi." Akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Mapema alimkimbilia. Akiondoka Mjomba, hakuna matofali tena. Na anaondoka na aibu isiyo yake.

"Mjomba, usiende!" alipiga kelele. "Ni mimi!"

Mjomba alisimama. Mama aligeuka.

"Nilivichoma, Mama. Jikoni. Vilivyooza kwanza, halafu na vilivyopasuka. Kuni ziko mbali, nilikuwa nachoka. Na ile mia na arobaini nilikuwa nasema tu. Sikuwa nahesabu." Machozi yalimtoka, lakini alikuwa ameanza, akaona afadhali amalize. "Na mwalimu amesema nikikosa siku tano nitarudia darasa. Hilo nalo sikukwambia."

Mama hakumpiga. Pengine angempiga, Mapema angejisikia nafuu. Mama alikaa juu ya mfuko mtupu wa saruji, akafunika uso kwa viganja vilivyopasukapasuka. Mwisho alinyanyua kichwa. "Mdogo wangu, nisamehe," alimwambia Mjomba. "Uchovu umenila akili."

Mjomba alilitundika shati pale pale lilipokuwa. "Yamekwisha, dada," alisema, ingawa uso wake ulionyesha bado yana uchungu.

"Nawe," Mama akamgeukia Mapema, "kuni utazifuata kilimani mpaka nitakapokwambia basi. Lakini si wewe peke yako. Mimi ndiye niliyesema tupumzike. Vibao vilikuwa vinakufa, nami nilikuwa najua vinakufa. Nilikuuliza macho yamefumba kwa sababu sikutaka kuona."

Mapema alipangusa pua. Alichana kipande cha mfuko wa saruji, akaokota mkaa, akachuchumaa. Katika hesabu hakuwa mbaya, shida yake ilikuwa kuchelewa tu. Zimebaki siku kumi na sita. Matofali yaliyobaki ni elfu mbili na thelathini na mawili. Kwa vibao themanini na vinne, siku kumi na sita zitatoa elfu moja mia tatu arobaini na nne. Hayafiki hata karibu. Akafuta, akaanza upya.

"Mama," alisema taratibu. "Tukiacha kufyatua siku tatu?"

"Tuache?" Mjomba akaruka. "Tumechelewa, halafu tuache? Tutamjengea msimamizi ukuta wa vibao?"

"Siku tatu tutengeneze vibao tu, thelathini kwa siku. Vitakuwa mia na sabini na vinne. Siku zitabaki kumi na tatu." Aligeuza karatasi wamwone. "Elfu mbili mia mbili sitini na mawili. Yanatosha na kuzidi."

Mama alipitisha kidole kwenye kila mstari, midomo ikicheza. Alirudia mara mbili. "Siku tatu bila tofali hata moja," alisema, kama anayezungumza na mfuko wake wa fedha. "Tutakula uji. Haya, twendeni kwa Fundi."

Fundi Randa alikuwa seremala wa mtaa wa pili, mzee mkali aliyeitwa hivyo kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Karakana yake ilijaa mbao za masanduku ya mizigo.

"Shikamoo, Fundi," Mapema alimwamkia.

"Marahaba. Mmekuja kukopa au kusalimia?"

"Kubadilishana," Mama akasema. "Mbao zako, kwa matofali yangu hamsini kazi hii ikiisha."

Fundi aliuangalia ukuta wake wa nyuma, ambao ulikuwa umeegemea mti ili usianguke. "Msumeno uko pale," akasema. "Ila mtakata wenyewe, mimi mifupa imeisha."

Siku tatu hizo zilikuwa ndefu. Mama na Mjomba walikata na kupiga misumari kuanzia asubuhi. Mapema, kwa kuwa hapakuwa na matofali mapya ya kuvua, na yale ya Jumanne Mama aliyavua mwenyewe, alifika shule kabla ya kengele siku zote tatu, na wenzake wakauliza kama anaumwa. Mchana alirudi moja kwa moja karakanani. Siku ya pili msimamizi wa zahanati alipita uani, akakuta mashine imekauka, akatikisa kichwa na kuondoka. Usiku huo walikunywa uji bila sukari. Mjomba alisema tumbo lake sasa linasikia kila neno linalosemwa mtaani, wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Jumamosi mashine ikaanza. Uani palijaa matofali mabichi kutoka mlangoni mpaka ukutani, mia moja na sabini na manne. Kila alfajiri waliyavua wote watatu, na ilipofika saa kumi na mbili na nusu Mama alikuwa akimfukuza Mapema aende shule, "Nawa mikono, nenda!" Siku ya kumi na nane, jua likiwa bado juu, tofali la mwisho la ukuta wa zahanati lilipandishwa kwenye gari. Msimamizi aliyagonga matofali kwa kifundo cha kidole, moja hapa moja pale. "Jumatatu njooni tuzungumze habari ya wodi," alisema, na Mama akaegemea mlango.

Jumamosi iliyofuata Mjomba alitandika mkeka kivulini. "Leo msinisemeshe," alitangaza. "Vibao tunavyo tele. Hata mwaka mzima tusipopiga msumari, hatupungukiwi."

Mapema alikuwa amesimama kati ya vibao. Nje aliwaona wenzake wakimsubiri na kamba ya kuruka. Kusema "viko sawa" kungechukua nukta moja.

"Mia na sitini na vitano, Mama," alisema. "Tisa vimekufa."

Mjomba alinyanyua kichwa. "Tisa? Majuzi tu tumetengeneza tisini!"

"Ndiyo sababu," Fundi Randa alidakia. Alikuwa amekuja kuchukua matofali yake hamsini, na mkononi alibeba kopo la mafuta machafu ya gari. "Katika kila vibao ishirini, kimoja hufa kila mwezi. Ukiwa na mia, unazika vitano. Ukiwa na mia na sitini, unazika vinane. Ukiongeza vibao umeongeza na vya kuzika. Marehemu alikuwa akitengeneza viwili kila Jumamosi. Mwezi una Jumamosi ngapi?"

"Nne," Mapema alijibu, kisha akazidisha kichwani. Mara mbili, vinane. Vinane vinakufa, vinane vinazaliwa. *Wala havipungui.* Baba alikuwa amemjibu siku ile, neno kwa neno, na yeye akamwona hana jibu. Alitamani Baba angekuwepo amwambie kwamba sasa ameelewa.

"Kwa hiyo tukitaka vibao mia mbili na arobaini kwa kazi ya wodi, viwili havitoshi," alisema polepole. "Vitakufa kumi na viwili kwa mwezi. Lazima tutengeneze vitatu kila Jumamosi."

"Na hapo napo vitasimama, mia mbili na arobaini, havitazidi," Fundi alisema. "Unapanda mpaka unachoweka kiwe sawa na kinachooza, basi. Kutoka hapo utoe jasho zaidi, au uwe na akili zaidi." Akatua kopo. "Vipakeni haya mafuta kila wiki. Maji hayataingia upesi, na tofali halitang'ang'ania. Huenda badala ya kuzika kumi na viwili mkazika vinane."

Mama alikuwa ameketi, nyundo ya marehemu mapajani mwake. Aliinuka kwa shida, akimshika mwanawe bega.

"Sikiliza, Mapema. Nawe, mdogo wangu, sikiliza hata kama umelala," alisema. "Nilidhani Jumamosi zile tulikuwa tunapumzika. Kumbe tulikuwa tunavila vibao, kidogo kidogo, na vilipoisha tukawa watu watatu wenye nguvu wasio na la kufanya. Kazi ya leo inalisha leo. Kile unachokiweka pembeni ndicho kinacholisha kesho, na ukiweka pungufu ya kinachooza, unarudi nyuma hata kama unakesha kazini. Na kibao kikioza hakilii, mwanangu. Lazima pawe na mtu wa kukisemea kweli. Leo umekisemea."

Mjomba aliguna, akakunja mkeka wake. "Haya, nipeni msumeno. Vitatu, si kimoja zaidi."

Mapema alichukua kibao kilichopasuka pembeni, kile ambacho mwezi uliopita kingeivisha maharage, akakiweka mbele ya Mama kipigwe msumari. Kisha akachukua kamba ya kuni, akawapungia mkono wenzake, akaanza kupanda kilima. Miguu ilimuuma kama siku zote.